Nilivyotikisa Kichwa Dirishani

Jumatatu, 2 Septemba

Gereji, springi za lori la mbao, asubuhi nzima. Upepo wa Makambako umeng'oa tena bati la upande wa stoo. Sadiki, mwenzangu wa kunyoosha bodi, amelikimbiza mpaka karibu na reli huku akilitukana kama mtu. Nimecheka mpaka spana ikanidondoka.

Saa ya chakula Mchungaji akapiga simu. Usaili wa mwanangu Tumaini ni Jumamosi ya tarehe 21, Njombe mjini, shule ya kanisa. Usharika una nafasi moja kwa mtoto aliyefiwa na mzazi. Darasa la kwanza mpaka la saba, anasomeshwa bure. Akipita, kapita. Asipopita anaanza shule ya kijijini, ambako la kwanza wamejaa mpaka wengine wanasomea nje, na mwalimu ni mmoja.

Najua mlango wa namna hii unavyofungwa. Mimi nilifaulu la saba, nikachaguliwa kwenda sekondari. Baba alikuwa mpasua mbao, na msumeno wa kupasulia unataka watu wawili. Mwenzake akaumia mgongo. Nikashika upande wa pili. Sina kinyongo naye, alikuwa na midomo ya kulisha. Ila Tumaini hashiki msumeno wa mtu. Akipita, nahamia Njombe, gereji ziko kila mahali.

Asante Mungu kwa simu ya leo. Nilikaa juu ya tairi mpaka Sadiki akaniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeenda kumchukua mwanangu kwa mama. Kosta mpaka Igwachanya, bodaboda kumalizia. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nimemkuta Tumaini uani na bibi yake wanachambua mbegu za viazi. Aliponiona akanyanyuka, akajifuta mikono, akaja kupiga magoti. Kamwene, baba. Hakunirukia kama watoto wa mjini wanavyowarukia baba zao. Niliona haya kidogo. Mtoto wangu ananisalimia kama mgeni wa heshima, na kweli mimi ni mgeni. Naja mwisho wa mwezi na sukari na sabuni, naondoka.

Neema, mke wangu, alipofariki, mtoto alikuwa hajaota jino. Sikujua pa kumshika. Mama hakuuliza, alimfunga mgongoni siku ileile ya mazishi. Akamlea kwa uji wa mahindi alioutilia karanga na maharage ya kusaga, na maziwa ya ng'ombe wa jirani, ambaye naye Mungu ambariki. Kliniki hakukosa, kwa miguu, mvua inanyesha. Huku kwetu ghala limejaa na watoto bado wanadumaa, maana wanashibishwa ugali na viazi basi. Wangu nesi alikuwa anamnyanyua juu ili akina mama wengine wamwone. Hilo nalijua na nitalisema mpaka nife.

Lakini leo nimeona na kingine. Kiswahili anacho, cha kanisani. Kiingereza hata neno moja. Penseli ya rangi hajawahi kuishika. Anaongea kwa sauti ndogo, macho chini. Mama amemlea kizee mno. Nilibeba begi tukaondoka.

Jumanne, 10 Septemba

Tumaini anashinda nami gereji. Nimemtandikia gunia safi pembeni ya stoo, upepo haumfikii. Kati ya gari na gari namfundisha. Redi, bluu, grini. Wani, tuu, thrii. Sadiki anasema Kiingereza changu kina grisi. Na yeye akija kumsahihisha anasema "yelo" kama anaita mbuzi.

Nilimpa ndoo ya nati aichezee. Niliporudi alikuwa amezipanga kwa ukubwa, na zilizoliwa meno ameziweka peke yake. Sikumwagiza. Nimefurahi, nikajifanya sijaona ili asivimbe kichwa.

Mama Zawadi, anayetuuzia chai, kamletea andazi la bure. Tumaini akalitazama andazi, akanitazama mimi. Nilikuwa chini ya gari, uso tu umetoka. Nikasema kula basi, wewe vipi, ndipo akapokea kwa mikono miwili. Aibu hii itamponza. Shule za mjini zinataka mtoto mchangamfu.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani. Mchungaji amesema nafasi ya usharika ina watoto wawili tu wanaoigombea. Nikapiga hesabu ambayo si ya Kikristo. Nikaomba msamaha palepale kwenye benchi.

Ijumaa, 20 Septemba

Viatu vipya. Anavivaa na kuvivua. Nimemwambia kesho asiogope, afanye kila anachoambiwa na mwalimu. Kasema ndiyo, baba. Mimi ndiye ninayeogopa.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijui niandike nini. Kwa mpangilio basi.

Njombe baridi, ukungu mpaka saa nne. Wazazi wengi, magari ya kwao wenyewe, watoto wanaongea Kiingereza kama wamezaliwa nacho. Mmoja alimuuliza mama yake kitu kirefu sikuelewa hata kipande. Nilijiangalia kucha. Grisi haikutoka kabla ya safari na sabuni nilitumia nusu mche.

Watoto wanaingia mmojammoja. Wazazi wanabaki nje barazani. Kuna madirisha makubwa ya vioo, unaona ndani lakini husikii. Zamu ya Tumaini nikasimama dirishani.

Mwalimu ni mwanamke mtu mzima, miwani, sweta la bluu. Mwalimu Anitha. Alimwonyesha kiti, Tumaini hakukaa. Mezani palikuwa na vizibo vya soda, penseli za rangi, ndizi mbili. Mwalimu anaongea, ananyoosha mkono mezani. Tumaini kimya. Akageuka akanitazama mimi dirishani. Nikamtikisia kichwa: siyo huku, tazama kule. Akageuka. Mwalimu akasema tena. Tumaini akanitazama tena. Nikamtikisia kichwa kwa nguvu, na uso nikaukunja. Akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa. Hakuinua tena mpaka alipotolewa.

Njiani alilala begani kwangu. Viatu amevishika mkononi.

Alhamisi, 26 Septemba

Hakupita. Na mtoto yule mwingine wa usharika naye hakupita.

Nilimpigia Mwalimu Anitha, akanijibu kwa upole. Mtoto hakugusa kitu. Hakukaa. Alipoambiwa achukue vizibo vitatu, alifunga mikono nyuma. Muda wote alikuwa anatazama dirishani. Hajawa tayari, akasema, mwakani huenda. Mwakani nafasi ya usharika ni ya mtaa mwingine, naijua zamu.

Nina hasira. Nimefunga nati moja mpaka nikaikata. Miaka yote hii nimemwachia mama, na mama kanirudishia mtoto anayeogopa ndizi.

Jumapili, 29 Septemba

Nimemrudisha Tumaini kijijini.

Mama alikuwa ameivisha makande. Sikula. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikayatoa yote. Nikamwambia amenilelea mtoto mwoga. Kwamba wenzake wanafundishwa kusema, yeye anafundishwa kupiga magoti. Kwamba nafasi ya namna ile hairudi. Nilisema hayo mtoto akiwepo. Nilijisikia nasema na sikunyamaza.

Mama alikoroga chungu, akakifunika. Akamwita Tumaini, akamkalisha kwenye kigoda, wakaongea Kibena polepole. Mama anauliza, mtoto anajibu. Kisha akamwambia, kamwambie baba yako.

Tumaini akaja mbele yangu, akapiga magoti.

"Baba, nilikutazama. Ulikataa."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa vyote kwa mpigo, nikakaa kizingitini.

Kwetu mtoto akifika nyumba ya watu, hagusi kitu. Hata mwenye nyumba akimpa, anamtazama kwanza yule aliyekuja naye. Akiitikiwa kwa kichwa, anapokea. Akitikisiwa kichwa, anarudisha mikono nyuma, na hasemi neno, ili asimwaibishe mkubwa wake. Ndivyo mama alivyomlea. Ndivyo alivyonilea mimi! Nimewahi kukaa na nyama mbele yangu kwenye harusi ya mjomba mpaka ikaganda mafuta, mama kaenda kisimani. Naijua sheria hii tangu sijajua kusoma. Gereji imenisahaulisha.

Hakuogopa. Alikuwa ananiomba ruhusa, na mimi nikamnyima. Mara mbili.

Nililia mbele ya mwanangu. Akanipangusa kwa kiganja kama anavyompangusa bibi yake moshi ukimwingia machoni. Nilimwomba mama msamaha. Akasema makande yatapoa. Baada ya kula ndipo akasema la pili: "Aliyempeleka ndiye arudi naye. Na mimi nakuja."

Jumatatu, 30 Septemba

Kazi haikwenda. Sadiki nimemsimulia. Kawaida yake angenitania wiki nzima. Leo kaniletea chai, akaendelea kugonga bodi yake.

Jumatano, 2 Oktoba

Mama hajafika Njombe miaka mingi. Kavaa kitenge cha Pasaka na sweta langu la zamani juu. Kambeba kuku. Nimemwambia kuku watasema tunahonga. Kasema kuku ni wa mchungaji. Sijui kama aliongopa, ila kweli tulipitia kwa mchungaji kumwacha kuku.

Nilijiandaa kubembeleza. Nimezoea kubembeleza wenye malori wanilipe, nikajua leo nitaweza. Nilipofika mbele ya Mwalimu Anitha sikubembeleza. Nikasema tu kilichotokea. Kwetu iko hivi. Mtoto alinitazama. Nilitikisa kichwa.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi. Si mtu mbaya. Aliandika alichokiona. Akasema wazazi wanawekwa nje kwa sababu wakikaa ndani wanawanong'oneza watoto majibu, hata wasomi wakubwa. Akatoka kwenda kuongea na mkuu. Tulikaa kwenye benchi, Tumaini katikati. Nimeomba kwa Kibena, sala alizonifundisha mama. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuomba kwa Kibena tangu nije Makambako.

Akarudi. Mkuu amekubali, kwa kuwa nafasi haijajazwa. Mmoja wetu aingie, asimame ukutani, asifungue mdomo. Nilimsogeza mama mbele. Akanirudisha kwa kiwiko.

Meza ileile. Mwalimu akasema chukua vizibo vitatu. Tumaini akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Shingo ilikuwa nzito kama jeki.

Akachukua vitatu. Kisha akakaa kwenye kiti.

Baada ya hapo hakunitazama tena. Alihesabu. Redi, bluu, grini zikatoka, na grisi yake. Mwalimu akamwaga vizibo vyote, akamwambia apange anavyotaka. Akavigawa mafungu matatu. Mwalimu akauliza kwa nini. Tumaini akaeleza, sauti ndogo lakini haikukatika: hivi vizima vya wastani ni vya kupanda, vikubwa ni vya kula, hivi vilivyobonyea ni vya nguruwe. Akaongeza kwamba viazi vya kupanda huviweki juani. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaandika muda mrefu.

Mengine hakuyaweza. Picha ya ndege ya abiria aliita kanisa. Majina ya siku kwa Kiingereza, hakuna. Sikufungua mdomo. Nilijing'ata ulimi.

Wamesema watatujulisha. Njiani mama kauliza kama ukutani nilisimama wima. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Ijumaa, 4 Oktoba

Simu haijalia. Nimeichaji ikiwa imejaa.

Nawaza hivi. Wale watoto wenye Kiingereza walikipata nyumbani, kabla ya shule. Wangu naye kaja na vyake kutoka nyumbani. Adabu, mikono inayojua kuchambua, mwili uliolishwa vizuri. Tofauti ni kwamba vyao vimewekwa mezani kwenye usaili na vyetu havikuwekwa. Simlaumu mtu. Ila nisingekuwa na nauli, au mama angekuwa mtu wa kununa, mwanangu angebaki mjinga kwenye karatasi maisha yake yote.

Jumatatu, 7 Oktoba

Amepita.

Mwalimu Anitha mwenyewe kapiga. Kasema Kiingereza kitamsumbua muhula wa kwanza, nisishtuke. Kasema pia kuanzia mwakani watoto wote wataingia kwanza na aliyewaleta, wakishaitikiwa ndipo mzazi atoke. Nimemshukuru mpaka akasema inatosha, baba Tumaini.

Sadiki kacheza na bati mkononi katikati ya gereji. Mama Zawadi kagawa maandazi.

Nikampigia mama. Akasema haya, na sauti yake haikuwa sauti yake. Nikataka kumwambia mengi. Kwamba nashukuru kwa uji, kwa kliniki, kwa mgongo wake. Kwamba hata mimi kufaulu la saba lile ilikuwa kazi yake, aliyekuwa ananiamsha kwa baridi ile na kunipa kiazi cha moto nishike mikononi njiani. Nikasema asante, mama. Akasema niangalie vocha yangu isiishe.

Nilipokata ndipo nikakumbuka. Januari mama atakaa peke yake. Furaha ikasimama katikati.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimehamisha vyombo Njombe. Chumba kimoja na sebule, karibu na shule. Gereji ya jirani wamenipokea, kuna fundi Mkinga wa Makete anayejua injini kuliko maneno.

Nimembembeleza mama ahamie kwetu. Kakataa. Viazi viko shambani, kaburi la baba liko pale, kuku nani atawafungia. Atakuja wiki ya kwanza tu, kisha arudi. Nimeahidi kila likizo Tumaini ni wake. Alisema hilo halihitaji ahadi.

Walikuwa wanapalilia wote wawili nilipofika. Hawakuniona. Niliwaacha kidogo kabla ya kuita hodi.

Jumatatu, 13 Januari

Manyunyu. Baridi. Tumaini na sare, sweta limemzidi, mama kamkunjia mikono.

Tumetembea mpaka getini, yeye katikati. Watoto wengi, kelele, wengine wanalia wamewashika mama zao sketi. Wa kwetu halii. Kasimama, kamtazama bibi yake. Anangoja.

Mama akachuchumaa mbele yake kwenye tope, yeye ambaye hachuchumai tena kwa sababu ya goti. Akamshika mikono yote miwili. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Hapa ni kwako. Mwalimu akikupa, pokea. Usigeuke kunitafuta."

Tumaini akaitikia kwa kichwa. Akaingia. Akapita kwenye maua, akapita kwenye kengele, akafika kwenye mstari wa la kwanza. Hakugeuka.

Mama alibaki getini ameinua mkono kidogo, usawa wa kifua, ili akigeuka auone. Mstari ukaingia darasani, mlango ukafungwa, mkono bado uko juu. Nikaushika, nikaushusha taratibu. Ulikuwa wa baridi. Akasema umemwona, amenitii. Nikasema nimemwona, mama.

Tukarudi nyumbani kuchemsha chai.